Mnyororo, Kiapo na Muhuri: Historia ya Leseni ya Mpima Ardhi Nchini Marekani

Neno mpaka katika Kiswahili lina kazi mbili. Ni jina la mstari unaotenganisha shamba na shamba, na ni kiunganishi chenye maana ya "hadi". Asemaye "changu ni mpaka pale kwenye mwembe" ametumia maana zote mbili kwa pumzi moja: ametaja ukomo wa mali yake, na papo hapo ametaja mwanzo wa haki ya jirani. Mstari huo hauonekani kwa macho, lakini umekuwa sababu ya ugomvi wa ndugu, kesi za miaka mingi na hata umwagaji damu. Kwa hiyo swali la nani aaminiwe kuuchora haliwahusu mafundi peke yao. Linamhusu kila aliyewahi kurithi kiwanja au kuuziwa kipande cha shamba.

Nchini Marekani swali hilo limeachiwa majimbo. Leo hakuna jimbo ambalo mtu anaweza kujitangaza kuwa mpima ardhi wa kitaaluma na kuweka alama za mipaka bila leseni ya jimbo lenyewe, na leseni ya Texas haimpi mwenyewe ruhusa ya kuvuka na kupima Oklahoma. Hata hivyo, sheria hizi si kongwe. Sehemu kubwa ya nchi ile ilikwisha kupimwa kabla ya leseni ya kwanza kutolewa, na miongoni mwa waliopima wamo marais, mtunga kalenda aliyejifunza nyota peke yake, na mshairi. Historia ya leseni ni historia ya namna taifa lilivyoacha kutegemea sifa ya mtu, likaanza kutegemea jina lake lililoandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuliona.

Mstari wa mshazari

Mwezi Septemba 1737, katika koloni la Pennsylvania, warithi wa William Penn walitoa hati waliyodai ni ya mwaka 1686. Kwa hati hiyo, walisema, wazee wa Walenape walikubali kuuza ardhi yenye urefu wa mwendo wa mtu kwa siku moja na nusu. Walenape waliuelewa mwendo huo kama mwendo wa msafiri wa kawaida, anayetembea, akapumzika, akala, kisha akaendelea. Upande wa pili ulikodi vijana watatu wepesi wa miguu na kuwasafishia njia msituni. Mmoja wao, Edward Marshall, alikwenda zaidi ya maili 60 kabla ya muda kwisha.

Lakini hila kubwa haikuwa miguuni, ilikuwa kwenye ramani. Walenape walitarajia kwamba kutoka alipokomea mtembeaji, mstari ungeelekea moja kwa moja kwenye Mto Delaware ulio karibu. Badala yake ulichorwa kwa mshazari kuelekea kaskazini-mashariki, ukaukuta mto mbali sana upande wa juu. Kwa mstari huo mmoja eneo lililochukuliwa likawa takriban ekari milioni 1.2. Aliyeupima hakuwa tapeli wa njiani. Alikuwa Mpima Ardhi Mkuu wa koloni, mwenye cheo na mamlaka. Wazao wa Walenape walilipeleka shauri hilo katika mahakama za shirikisho, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikawakatalia, ikishika kwamba haki yao ya asili ilikwisha kuzimwa na waliotawala wakati ule, hata kama ilizimwa kwa ulaghai.

Kisa hiki kinastahili kutangulia kwa sababu kinaweka wazi uzito wa kazi yenyewe. Kalamu ya mpima ardhi inaweza kufanya kwa saa moja kile ambacho jeshi hufanya kwa mwaka. Kinaonya pia kwamba cheo peke yake si dawa. Leseni zilipokuja baadaye, zilikuja kumlinda jirani dhidi ya jirani na mnunuzi dhidi ya muuzaji. Hazikuundwa kumlinda mnyonge dhidi ya dola iliyomtuma mpimaji.

Kijana wa Virginia na wenzake

Miaka 12 baada ya matembezi yale, mwezi Julai 1749, kijana wa miaka 17 aliapishwa katika mahakama ya kaunti ya Culpeper, Virginia, kuwa mpima ardhi wa kaunti hiyo. Jina lake George Washington. Baba yake alifariki akiwa na umri wa miaka 11, akaacha vifaa vya kupimia, na kijana akajifunza kwa kunakili mazoezi ya hesabu katika madaftari yake. Mwaka uliotangulia, akiwa na miaka 16, alifuatana na msafara uliokwenda kupima ardhi za Lord Fairfax ng'ambo ya milima ya Blue Ridge.

Cheti chake kilitoka Chuo cha William & Mary. Hati ya kifalme ya mwaka 1693, iliyokianzisha chuo hicho, ilikipa pia mamlaka ya Mpima Ardhi Mkuu wa Virginia, na kwa mamlaka hayo chuo kiliteua wapimaji wa kaunti. Washington hakuwahi kusoma pale hata siku moja, ingawa mwaka 1788 alifanywa mkuu wa heshima wa chuo hicho. Alichokuwa nacho mwaka 1749 ni ujuzi wa kweli, na pamoja nao ujamaa wa familia yake na akina Fairfax. Hadi mwaka 1752 alikuwa amepima karibu viwanja 200, na kwa ujira wake akaanza kujinunulia mashamba.

Katika kisa chake mbegu za leseni zimo: mamlaka inayotoa cheti, karatasi, na kiapo mbele ya mahakama. Kilichokosekana ni kipimo kimoja kwa kila mwombaji. Kijana mwingine mwenye ujuzi uleule, asiye na mlezi tajiri, angebisha hodi wapi?

Vifaa vya kazi vilikuwa vichache. Kikuu kilikuwa mnyororo wa Edmund Gunter, Mwingereza aliyeueleza mwaka 1620. Una futi 66, yaani mita 20 na kidogo, na viungo 100. Minyororo 80 ni maili moja, na minyororo 10 ya mraba ni ekari moja, hivyo hata mtu mwenye hesabu haba aliweza kuutumia. Cha pili kilikuwa dira. Dira nayo ina tabia yake: sindano haielekei kaskazini ya kweli, huchepuka kidogo, na mchepuko huo hubadilika mwaka hadi mwaka na mahali hadi mahali. Mpimaji aliyepuuza jambo hilo aliwaachia wajukuu wa wateja wake mipaka iliyopinda.

Cha tatu kilikuwa mti. Pembe ya shamba ilipoangukia mahali pasipo na jiwe, mpimaji alichanja alama kwenye miti ya karibu na kuandika daftarini umbali na upande wa kila mmoja. Miti hiyo huitwa miti mashahidi. Msomaji wa pwani hatashangaa. Katika visiwa na mwambao mti umeweza kuwa mali ya mtu mmoja ilhali ardhi iliyouotesha ni ya mwingine, na ushahidi wa mnazi umesikilizwa mara nyingi kabla ya ushahidi wa karatasi. Lakini mti hufa, hukatwa, huungua. Kinachobaki ni daftari, na wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Swali likawa nani alishike daftari hilo.

Baada ya uhuru wao Wamarekani walijibu kwa kiapo. Tarehe 20 Mei 1785 Kongresi ilipitisha sheria ya kupima ardhi za magharibi kwa miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ukigawanywa vipande 36 vya ekari 640, na kipande cha 16 kikawekwa kando kwa ajili ya shule. Malipo ya wapimaji yasingezidi dola mbili kwa kila maili. Sheria ilimtaka kila mpimaji aape mbele ya Mwanajiografia wa Marekani kwamba angetenda kazi kwa uaminifu, na kiapo cha namna hiyohiyo kikawekwa juu ya kila mshika mnyororo. Mtu aliyekokota chuma vichakani kwa ujira mdogo alionekana mwenye dhamana sawa na bwana wake, na kwa haki, maana mnyororo uliolegezwa kwenye kilima au ulioruka hatua moja katika hesabu hausahihishwi na elimu ya aliye mbele. Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo Thomas Hutchins aliuanza mstari wa kwanza, pale mpaka wa magharibi wa Pennsylvania unapokutana na Mto Ohio.

Kwa miongo mingi baada ya hapo, mlango wa kazi hii ulikuwa wazi kwa yeyote aliyejifunza na akaaminiwa. Benjamin Banneker, mtu mweusi huru wa Maryland aliyezaliwa mwaka 1731, alijifundisha elimu ya nyota kwa vitabu vya kuazima akiwa amekwisha kuingia utu uzima. Mapema mwaka 1791 alifuatana na Andrew Ellicott kupima mipaka ya mraba wa maili kumi kwa kumi ambamo mji mkuu Washington ungejengwa. Kazi yake ilikuwa katika hema la vyombo, akitazama nyota usiku ili saa na mistari ya mchana viwe sahihi. Mwezi Agosti mwaka huohuo alimwandikia Thomas Jefferson barua ya kumkumbusha kwamba mwandishi wa tangazo la uhuru hana udhuru wa kushikilia watumwa.

Abraham Lincoln naye, mwaka 1833, akiwa kijana aliyelemewa na madeni katika kijiji cha New Salem, Illinois, aliteuliwa naibu wa mpima ardhi wa kaunti ya Sangamon. Alivisoma vitabu vya Gibson na Flint usiku na mchana, akanunua dira na mnyororo kwa mkopo, akaingia kazini. Deni lilipomzidi vifaa vyake vilipigwa mnada, na rafiki mmoja akavinunua na kumrudishia. Mwaka 1836 alipima mji wa Petersburg.

Na Henry David Thoreau wa Concord, Massachusetts, mshairi na mwanainsha, alikula jasho la mnyororo kuliko la vitabu. Mwaka 1846 alipima kina cha ziwa Walden kwa kamba na jiwe, akapata futi 102 mahali palipo na kina kirefu kuliko pote. Baadaye aligeuza ujuzi huo kuwa riziki, akafanya vipimo zaidi ya 150, na michoro yake mingi imehifadhiwa katika maktaba ya mji wake. Mwaka 1851 alijishughulisha kuutafuta mstari wa kaskazini ya kweli kwa nyota ile ambayo mabaharia wa mwambao waliiita jaa, ili kujua dira yake ilikuwa ikimdanganya kwa kiasi gani. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Uaminifu wa mshairi kwa neno ulimfuata hadi kwenye nyuzi za dira.

Watu hawa hawakuwa na leseni. Walikuwa na majirani waliowajua, na katika kijiji chenye watu mia chache, sifa ya mtu ilikuwa muhuri wake.

Ramani zilizochorwa mezani

Mfumo huo wa sifa ulivunjika pale nchi ilipokuwa kubwa kuliko kijiji. Serikali ya shirikisho ilipima magharibi kwa mikataba: naibu mpimaji alipewa eneo, akalipwa kwa maili, akaajiri watu wake. Aliyekwenda haraka ndiye aliyepata faida, na aliyekaguliwa kwa nadra alikuwa na kishawishi cha kutokwenda kabisa.

Katika miaka ya 1870 na 1880 lilichipuka California kundi lililojulikana kwa jina la kiongozi wake, John A. Benson, mpimaji wa mikataba. Kundi hilo lilikusanya mikataba mingi katika California na majimbo mengine ya magharibi, wakati mwingine kwa majina ya watu wasiokuwapo. Maombi ya walowezi bandia yaliwasilishwa ili mikataba itolewe. Kisha madaftari ya nyikani yakaandikwa ofisini: milima isiyopandwa ikaandikiwa vipimo, mito isiyovukwa ikaandikiwa upana, miti mashahidi isiyochanjwa ikaandikiwa jina na unene. Wakuu wa serikali walipozinduka, Benson na wenzake walishtakiwa, lakini mwaka 1892 kesi iliisha kwa wao kuachiliwa.

Walioumia walikuwa wakulima. Mtu aliuza alichokuwa nacho, akasafiri na familia, akafika na karatasi mkononi inayosema kona ya shamba lake ina jiwe lenye alama kati ya mialoni miwili. Alitafuta jiwe, hakuliona. Alitafuta mialoni, hakuiona. Jirani yake naye alikuwa na karatasi iliyotoka kwenye daftari lilelile. Wote wawili walikuwa wakweli, na wote wawili hawakuwa na mpaka.

Kiapo hakikuwa kimefutwa. Waliotunga madaftari yale nao waliapa. Lakini kiapo humfunga mwenye kukiogopa, na jina lililoapa likiwa la mtu asiyekuwapo, hakuna wa kuulizwa. Mwaka 1910 Kongresi iliukomesha mfumo wa mikataba, wapimaji wa ardhi ya umma wakawa waajiriwa wa serikali.

Sheria za kwanza

Ardhi iliyokwisha kuwa mali ya watu binafsi haikuwa chini ya waajiriwa hao, na huko ndiko majimbo yalikolazimika kutunga sheria. Mwaka 1891, kesi ya Benson ikiwa bado haijaisha, California ilipitisha sheria ya kutoa leseni kwa wapima ardhi, ikaziweka chini ya Mpima Ardhi Mkuu wa jimbo. Hiyo ndiyo leseni ya jimbo iliyotangulia nyingine zote katika fani hii Marekani.

Jimbo la Wyoming lilifuata mwaka 1907 kwa sababu nyingine, nayo ni maji. Katika nchi kame, haki ya kuchota maji ya mto kwa ajili ya mashamba hutegemea ramani inayoonyesha mfereji unapoanzia na unapokwenda. Clarence Johnston, mhandisi wa jimbo, alikuta ofisini kwake ramani zilizotiwa saini na watu wasiojua kupima: mawakili, waandika hati, na wengine waliojiita wahandisi kwa siku hiyo moja. Ramani yenye makosa ilimaanisha mfereji usiofika, au maji ya mtu mmoja kupelekwa kwa mwingine. Sheria iliyotokana na malalamiko yake iliwataka wahandisi na wapimaji wote kusajiliwa kwa jimbo, na ikawa mfano kwa majimbo mengine. Mwaka 1920 bodi za majimbo ziliunda baraza la pamoja, ambalo leo ndilo linalotunga mitihani inayotumika nchi nzima, na mwaka 1989 upimaji ukaongezwa katika jina lake rasmi.

California yenyewe ilipata somo jingine usiku wa tarehe 12 Machi 1928. Bwawa la St. Francis, kaskazini ya Los Angeles, lilivunjika dakika chache kabla ya saa sita ya usiku na kuua watu zaidi ya 400. Aliyelijenga, William Mulholland, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland aliyeanza kwa kutunza mifereji, akajisomea mwenyewe uhandisi, na mwaka 1913 akaufikishia mji maji kutoka umbali wa maili zaidi ya 200. Saa 12 hivi kabla ya bwawa kuvunjika alilikagua kwa macho yake na kuliona salama. Wataalamu wa baadaye wamesema mwamba wa upande mmoja ulikuwa juu ya maporomoko ya kale ambayo elimu ya miamba ya wakati ule isingeyatambua kwa urahisi. Lakini baraza la uchunguzi wa vifo lilitoa hukumu ambayo haikuhitaji jiolojia: kazi kubwa kiasi hicho haifai kuachwa kwenye uamuzi wa mtu mmoja. Mwaka 1929 jimbo lilianzisha bodi ya kusajili wahandisi wa ujenzi, na mwaka 1933 leseni za wapima ardhi zikahamishiwa kwenye bodi hiyo.

Kwa wanaowaheshimu watu waliojifunza wenyewe, jina la Mulholland ni chungu. Hakuwa mvivu wala mwongo. Alikuwa hodari kuliko wengi wenye shahada. Kilichomkosa ni mtu wa kumwambia "subiri", na sheria iliyompa mtu huyo haki ya kusema hivyo.

Mpimaji kama mwamuzi

Tatizo jingine halikutoka kwa wadanganyifu wala kwa waliokosea bila kujua, bali kwa wajuzi. Kadiri vyombo vilivyoboreka, wapimaji wapya waligundua kwamba mistari ya babu zao haikuwa sawa. Minyororo ya zamani ilikuwa imenyooka kupita kiasi kwa kuvutwa, dira zilichepuka, na miraba ya 1785 haikukaa vizuri juu ya dunia ya mviringo, kwa kuwa mistari ya kaskazini husogeleana kadiri inavyopanda juu. Mpimaji kijana mwenye chombo kipya alishawishika kung'oa kila kitu na kuanza upya.

Mwaka 1878 shauri la namna hiyo lilifika Mahakama Kuu ya Michigan. Mpimaji wa mji wa Detroit alikuwa amepima upya mtaa mmoja, akatangaza kwamba mipaka yote ya miaka mingi ilikuwa imekosewa. Jaji Thomas Cooley alikataa kuufuata mstari mpya. Kwa maoni yake ramani chache za awali zingestahimili kipimo makini, na ua lililosimama muda mrefu kwa ridhaa ya majirani ni ushahidi bora wa mpaka wa asili kuliko hesabu mpya iliyofanywa baada ya alama za kwanza kupotea. Baadaye Cooley aliandika insha iliyosomwa na vizazi vya wapimaji wa Marekani, akieleza kwamba kazi yao ina sehemu ya uhakimu. Mpimaji hatafuti mahali kona ilipopaswa kuwa. Hutafuta mahali ilipokuwa.

Fundisho hilo ndilo lililoupa mtihani wa leseni uzito wake halisi. Kupima umbali ni jambo la chombo. Kupima ushahidi ni jambo la akili na dhamiri: kuamua kama gogo lililooza ni la mti shahidi, kama ukuta wa mawe ulijengwa juu ya mpaka au kando yake, kama maneno ya hati yashinde namba zake. Mfasiri wa mashairi anaijua kazi hiyo. Naye huletewa maandiko yaliyochakaa, yenye maneno yaliyobadilika maana, akatakiwa kueleza mwandishi alikusudia nini. Na akileta la kwake kwa kuwa analiona bora, amedhulumu pande mbili kwa mara moja.

Mlango wa leo

Masharti ya sasa hutofautiana kwa jimbo, lakini mifupa yake ni ileile. Mwombaji hufanya mtihani wa misingi. Kisha hufanya kazi chini ya mpimaji mwenye leseni, kwa kawaida miaka minne au zaidi, akijifunza nyikani na ofisini. Baadaye hufanya mtihani wa utendaji wa kitaaluma, na juu yake mtihani wa sheria za jimbo, kwa sababu hati za Louisiana zenye mizizi ya Kifaransa na Kihispania si sawa na hati za Ohio. Akifaulu hupewa namba na muhuri. Kila ramani anayoitoa hutiwa saini na muhuri huo, na bodi inaweza kumwita, kumtoza faini au kumnyang'anya leseni.

Mzozo mkubwa umekuwa juu ya shahada. Majimbo kadhaa yanadai shahada ya chuo kikuu ya miaka minne. Mengine, California likiwamo, bado yanamruhusu mtu kufika kwenye mtihani kwa njia ya uzoefu wa miaka mingi chini ya wenye leseni. Wanaotetea shahada husema elimu ya satelaiti, takwimu na sheria haiokotwi njiani. Wanaotetea uzoefu huwataja Banneker na Lincoln, na huongeza kwamba wazee wengi wenye leseni wanastaafu, na vijana wa kushika nafasi zao ni wachache. Hoja zote mbili zina ukweli. Elimu ni bahari, na hakuna sheria inayoweza kuamuru ichotwe pwani moja tu. Sheria inachoweza kudai kwa haki ni kwamba aliyechota, popote alipochota, apimwe na wengine kabla ya kuwapimia watu ardhi yao. Mlango uwe mwembamba kwa ujinga, usiwe mwembamba kwa umaskini.

Zama za ndege zisizo na rubani zimeleta swali jipya: ramani ni nini? Katika jimbo la North Carolina, mpiga picha mmoja wa angani alikuwa akiwauzia wateja picha zilizounganishwa na kuwekewa vipimo. Bodi ya jimbo ilimwonya kwamba hiyo ni kazi ya mpima ardhi. Alikwenda mahakamani, akidai kwamba picha na habari ni maneno, na maneno yana uhuru wake kikatiba. Mwezi Mei 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliipa bodi haki, ikisema kwamba sheria ya leseni inasimamia mwenendo wa taaluma, na kwamba jimbo lina sababu ya msingi ya kulinda mipaka ya mali za watu.

Mpenda fasihi anaweza kuisoma hukumu hiyo kwa wasiwasi, maana hakuna mshairi anayetaka kuambiwa aombe leseni ya kusema aliyoyaona. Tofauti iko kwa anayebeba matokeo. Shairi baya humchosha msomaji, naye hulifunga. Mstari mbaya humfuata mtu ambaye hakuuagiza, hakuulipia, na pengine alikuwa hajazaliwa ulipochorwa. Mpima ardhi hulipwa na upande mmoja wa mpaka, lakini kazi yake hukaa pande zote mbili. Yule jirani asiyekuwapo mezani ndiye leseni iliyemfikiria.

Katika California sheria inamtaka mpimaji anayesimika alama ya kudumu aitie namba ya leseni yake. Kwa kawaida huwa kidude kidogo cha chuma au shaba kilichopigiliwa juu ya bomba ardhini, chenye herufi mbili na tarakimu chache. Wapita njia hawakioni. Lakini miaka 50 baadaye, ua likiwa limeanguka, mialoni imekatwa na wauzaji na wanunuzi wote wamezikwa, mtu anaweza kupiga magoti, akafuta udongo kwa kidole, akasoma namba ile, kisha akaenda kwenye sajili na kuuliza: huyu alikuwa nani, alipima lini, na alisema mpaka uko wapi? Mkulima aliyekuja na karatasi ya Benson hakuwa na namba ya kusoma wala mtu wa kumuuliza.